Ukiinua Pikapu, Umegusa Kila Pembe

Ndugu zangu mafundi, wenye magari, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze kuhusu kuinua pikapu kwa kubadilisha springi na shokapu. Wengi wenu mmeiona kazi hii ikifanywa, baadhi mmeifanya kwa mikono yenu, na wapo ambao vifaa wanavyo tayari, wanasubiri tu mtu wa kusimama nao siku ya kwanza.

Nianze na neno lenyewe bila kuzunguka. Kuinua gari si kazi ya urefu. Urefu unapatikana kirahisi sana, hata kipande cha chuma kilichokatwa vizuri kitakupa. Kazi yenyewe iko kwenye pembe. Kila milimita unayoongeza kati ya ekseli na chasisi inabadilisha pembe ya kitu fulani: amu za mbele (mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwenye chasisi), boljointi (viungo vya tufe kwenye ncha za amu), shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, propela (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli), shakeli za nyuma (vipande vinavyoshika ncha ya springi ya majani kwenye chasisi), paipu za breki, hadi mwanga wa taa. Gari limekamilika pale kila pembe iliyoguswa imerekebishwa, au imepimwa na kuonekana bado iko ndani ya mipaka yake.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Pikapu iliyosimama juu, imenyooka, inakimbia barabarani bila kuyumba na inafunga breki sawasawa, imefanyiwa kazi nyingi ambazo jicho la mpita njia halizioni. Hizo ndizo ninazotaka tuzitazame.

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka kuinua gari ni hili: unataka likufanyie nini? Kuna anayepita njia zenye mawe na makorongo. Kuna anayebeba mzigo kila siku na gari linakalia nyuma. Kuna anayetaka nafasi ya matairi makubwa. Na kuna anayependa gari lionekane limesimama, jambo ambalo halina ubaya, ila mtu aliseme mapema, kwa sababu kila jibu lina springi yake.

Kwa yule wa mawe, kuna jambo ambalo lazima alielewe kabla ya kutumia fedha yake. Chukueni pikapu ya kawaida ya siku hizi. Mbele kila gurudumu lina amu zake na springi ya koili. Nyuma kuna ekseli moja nzima inayobebwa na springi za majani. Ukiongeza milimita 50 kwenye springi, kilichopanda ni chasisi na vyote vilivyofungwa juu yake. Difu ya nyuma, yaani lile gamba la gia katikati ya ekseli, haijapanda hata kidogo. Bado iko palepale, kwenye kimo ambacho tairi limeipa, na jiwe lililokuwa likiigonga jana litaigonga na leo. Kinachoinua difu ya nyuma ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kipenyo ulichoongeza: ukitoka tairi la milimita 760 kwenda la 800, difu imepanda milimita 20.

Sasa, hiyo milimita 50 ya springi imekupa nini? Imekupa pua inayokaribia mlima bila bampa kugusa, mkia unaoshuka korongo bila kukwama, tumbo la chasisi lililo mbali zaidi na kilele cha tuta, na nafasi ya gurudumu kucheza. Hayo ni makubwa. Lakini ni vizuri mtu ajue anachonunua. (Kuna pia njia ya kuweka vipande kati ya bodi na chasisi, springi zikabaki zilivyo. Hiyo inatoa nafasi ya matairi tu, na leo siizungumzii.)

Kwa yule wa mzigo, neno langu ni moja: springi huchaguliwa kwa uzito, wala si kwa urefu. Springi ileile itakuinua milimita 50 kwenye gari tupu, na milimita 20 kwenye gari lenye bampa la chuma, winchi na betri ya pili. Kwa hiyo orodhesha kwanza vitu vinavyokaa kwenye gari muda wote, mbele na nyuma, ujue kilo zake, ndipo uagize. Mtu akifunga springi ya nyuma iliyoundwa kubeba kilo 300 muda wote, kisha akaendesha gari likiwa tupu, nyuma itakuwa ngumu, itarukaruka kwenye vijishimo, na tairi linaloruka halishiki barabara. Na jingine ambalo halisemwi vya kutosha: springi ngumu haiongezi uwezo wa gari kubeba. Uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda unatokana na chasisi, ekseli, beringi, breki na matairi pia. Springi mpya itaficha tu ile dalili ya gari kukalia nyuma, ambayo ilikuwa ikikwambia umezidisha.

Tuje kwenye kazi. Kabla ya kugusa nati hata moja, pima. Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, toa vitu vyako kwenye bodi, lisukume mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kwenye magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini, kwa sababu hapo unapima na upepo wa tairi. Andika kila namba kwenye kipande cha teipu na ukibandike papo hapo juu ya gurudumu husika. Utashangaa kuona kwamba magari mengi hayako sawa kushoto na kulia hata yakiwa mapya, na kwamba pikapu tupu huwa nyuma iko juu kuliko mbele. Hilo la nyuma kuwa juu si kasoro. Kiwanda kimeacha nafasi ya mzigo. Mwenye gari akikuomba umsawazishie mbele na nyuma kabisa, mweleze kwamba siku akipakia, pua itaelekea angani na taa nazo zitaelekea huko.

Pima pia pembe ya propela na pembe ya pua ya difu. Simu nyingi leo zina programu ya kupima mwinamo, iweke juu ya chuma kilichosafishwa, soma, andika. Namba hizi hazina kazi siku ile. Zitakuwa na kazi kubwa siku gari likianza kutetema kwenye mwendo fulani na huna cha kulinganisha nacho.

Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Na gari likiwa juu, lisimame kwenye stendi zilizo chini ya chasisi. Jeki ni ya kupandisha na kushusha tu, mtu halali chini ya jeki.

Mbele ndiko kwenye hatari ya kuumiza mwili. Springi ya koili iliyobanwa kwenye shokapu yake imehifadhi nguvu ya kutosha kuua. Nati ile moja iliyo juu, katikati, ndiyo inayoishikilia yote. Haifunguliwi kabla springi haijabanwa na kibano cha kazi hiyo hadi ukaona kwa macho kwamba imeachia kikombe chake. Kibano hukazwa kwa mkono, pande zote kwa zamu, taratibu, na fundi hasimami kwenye mstari wa springi. Bunduki ya upepo haina nafasi kwenye kibano. Kama huna kibano kizuri, nunua shokapu iliyokwisha kuunganishwa na springi yake, au peleka kwa mwenye mashine. Sioni ushujaa wowote katika kufanya vinginevyo.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kuweka spesa, kipande cha kuongeza urefu, juu ya shokapu. Inafanya kazi, lakini tuelewe inavyofanya. Shokapu ya mbele haikai kwenye gurudumu, inakaa kwenye amu ya chini, sehemu iliyo karibu na katikati yake. Ndiyo maana spesa ya milimita 25 inaweza kukupa karibu milimita 50 pale kwenye gurudumu. Na ndiyo maana gurudumu likining'inia, nalo linashuka kwa kiasi hichohicho zaidi ya kilichokusudiwa na kiwanda. Hapo amu ya juu inaweza kugusa koili, boljointi inafika mwisho wa mzunguko wake, na jointi za shafti za mbele zinapinda kupita kiasi. Ukitoa gurudumu ukatazama mpira unaofunika jointi hiyo gari likiwa limening'inia, utaona mikunjo ya upande mmoja imevutika na ya upande wa pili imebanana hadi inasuguana. Mpira ukisuguana utachanika, grisi itatoka, mchanga utaingia, na jointi imekwisha.

Kwa sababu hiyo mimi husimama kwenye milimita 50 kwa pikapu yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Zaidi ya hapo kuna njia, kama kushusha difu ya mbele kwa vipande maalumu na kufunga amu za juu zilizoundwa upya, lakini hiyo ni kazi nyingine, na mtu aifanye akijua ameingia kwenye kazi nyingine. Kurundika spesa juu ya spesa siikubali kwa namna yoyote.

Amu za juu zinanileta kwenye kasta. Ukilitazama gurudumu la mbele kutoka ubavuni, boljointi ya juu iko nyuma kidogo ya ile ya chini. Mwinamo huo ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe ukitoka kwenye kona, na ndio unaolishika gari kwenye mstari mnyoofu. Ukiinua mbele, mara nyingi kasta inapungua. Gari halitapiga kelele wala kuwasha taa ya hatari. Litaanza tu kutangatanga kwenye mwendo mkubwa, dereva akawa anasahihisha usukani kila dakika bila kujua kwa nini safari siku hizi inamchosha. Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, baada ya kuinua ni sehemu ya kazi yenyewe, na ukifika kwa mtu wa alaimenti, mwambie unataka karatasi ya namba, uone kasta ya kushoto na ya kulia. Kama marekebisho ya kiwanda yamefika mwisho na kasta bado haijarudi, hapo ndipo amu mpya za juu zinapostahili fedha yake. Magari mapya zaidi yana sensa ya pembe ya usukani inayosoma kwa ajili ya mfumo wa kuzuia kuteleza, na mengine yana kamera au rada inayotazama mbele. Hizo nazo zisawazishwe upya baada ya alaimenti.

Sasa nyuma. Wengi huona nyuma ndiko kurahisi, kwa sababu springi za majani hazina hatari ya kufyatuka kama koili. Mimi naona makosa mengi yanayodumu hufanyika nyuma.

Kuna njia nne za kuinua nyuma. Springi mpya nzima, jani la kuongeza, bloku kati ya springi na ekseli, au shakeli ndefu. Springi mpya iliyochaguliwa kwa uzito ndiyo njia ya kweli. Jani la kuongeza linafaa pale springi za zamani bado zina uhai, ingawa linaongeza ugumu. Bloku inaweka ekseli mbali na springi, hivyo ukikanyaga mafuta kwa nguvu difu inapata mkono mrefu zaidi wa kuisokota springi. Bloku moja fupi ya kiwanda ni sawa, bloku mbili zilizopandana hapana, na bloku kwenye ekseli ya mbele hapana kabisa. Shakeli ndefu inakupa nusu tu ya urefu uliouongeza, maana inainua ncha moja ya springi, na papo hapo inaizungusha difu. Tazama pia shakeli inavyosimama baada ya kazi: ncha yake ya chini iwe imeelekea nyuma kidogo ili springi ikinyooka ipate pa kwenda. Shakeli iliyosimama wima au iliyogeukia mbele itakwama pale springi inapohitaji kurefuka.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, hazirudiwi. Yubolti iliyokazwa inavyotakiwa imevutika, na kuvutika huko ndiko kunakoshika. Ukiifungua na kuikaza tena, haishiki kama mara ya kwanza. Nunua mpya za urefu unaotosha, kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, huku ukitazama bamba la chini lisipande upande mmoja. Kabla ya kukaza, weka kidole chako pale kichwa cha bolti ya katikati ya springi kinapoingia kwenye tundu la ekseli. Kiwe kimezama kabisa. Kikikalia ukingo, ekseli imekaa mshazari, na gari litatembea kwa ubavu bila alaimenti yoyote ya mbele kuliponya.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo dogo linaloharibu springi nzuri nyingi. Bushi za mpira, za springi za majani na za amu za mbele, hazizunguki kama beringi. Mpira umeshikana na chuma cha ndani na chuma cha nje, na gurudumu likipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaosokoteka na kurudi. Bolti ikikazwa, chuma cha ndani kinafungwa mahali kilipo. Sasa fikirini fundi amefunga springi mpya gari likiwa juu ya stendi, ekseli inaning'inia, akakaza bolti zote hadi mwisho. Amelifunga gari katika mkao wa kuning'inia. Akilishusha, kila bushi inasokoteka kabla hata gari halijaondoka, na itabaki imesokotwa kama nguo inayokamuliwa, usiku na mchana, kwa maisha yake yote. Urefu utakaopima utakuwa wa uongo, kwa sababu bushi zinasaidia kulisukuma gari juu. Baada ya muda mfupi utaona nyufa kwenye mpira, kisha mlio, kisha mchezo wa chuma kwa chuma.

Njia sahihi ni kuingiza bolti na kuzikaza kwa mkono tu, kushusha gari likae juu ya magurudumu yake kwa uzito wake wote, kulitikisa na kulisukuma mbele na nyuma litulie, halafu kuingia chini na spana ya toki, ile inayopima mkazo, na kukaza kila moja kwa kipimo cha kiwanda. Inachosha, nafasi ni finyu, lakini hakuna njia ya mkato. Nikikagua gari lililoinuliwa na mtu mwingine, swali langu la kwanza kwake ni: ulikaza bushi gari likiwa wapi?

Shokapu za nyuma, jambo kuu ni urefu. Pima nafasi ya shokapu ekseli ikiwa imening'inia kabisa, kisha ekseli ikiwa imepandishwa hadi kugusa mpira wa kizuizi. Shokapu isiwe ndiyo inayozuia ekseli kushuka, wala isifike mwisho wake wa kubanwa kabla ya kizuizi. Ikizuia juu au chini, inapigwa kila shimo na itavuja. Kama imebanana, kizuizi kirefushwe.

Na sasa valvu ya breki. Ukilala chini ya pikapu nyingi, ukatazama juu ya ekseli ya nyuma, utaona fimbo nyembamba, mara nyingine yenye springi ndogo, inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi, na paipu za breki zinaingia humo. Fimbo hiyo inapima mzigo. Gari likipakiwa, chasisi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu breki nyingi zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na valvu inapunguza breki za nyuma ili magurudumu yasifunge na mkia kukimbilia mbele.

Mmeona linapoelekea. Umeinua nyuma milimita 50. Valvu haijui habari za springi mpya. Inachojua ni kwamba chasisi iko mbali na ekseli, na kwake hiyo maana yake ni gari tupu kupita kiasi. Unaweza kupakia mzigo kamili, na bado breki za nyuma zikapata mgao wa gari tupu. Breki za mbele zinabeba kazi yote, zinachemka, na mwendo wa kusimama unarefuka. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi. Kukanyaga breki hapa karakana kwa mwendo mdogo hakutakuonyesha kitu. Litajionyesha kwenye mteremko mrefu, gari limejaa, watu wakiwa ndani.

Marekebisho yake ni kipande kidogo cha chuma kinachoinua mshiko wa fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua gari, au kurekebisha fimbo yenyewe kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Vifurushi vingine vya kuinulia huja nacho, vingine havina. Gari lisilokuwa na valvu hii, sawa, mara nyingi linagawa breki kwa umeme. Lakini lazima ulale chini na uhakikishe mwenyewe. Kwangu mimi, fundi anayeinua pikapu bila kuitafuta fimbo hii amemkabidhi mteja gari asilolijua.

Propela nitaipitia haraka. Krosi, yaani kiungo cha mwisho wa propela, ikifanya kazi ikiwa imepinda, haizunguki kwa mwendo uliolingana. Inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, na inaweza tu kama pembe zao zinalingana. Zisitofautiane zaidi ya digrii 1 hivi. Ukiinua nyuma, pembe zinabadilika, na gari likianza kutetema wakati wa kuondoka au kwenye mwendo fulani, rudi kwenye zile namba ulizoandika. Kabari ya chuma chini ya springi huigeuza pua ya difu, na kwenye propela ya vipande viwili, kushusha beringi ya katikati kwa vipande vya chuma mara nyingi hutosha.

Kabla ya gari kutoka, linyanyue tena kwa chasisi, magurudumu yote yaning'inie, na upite na tochi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Shika kila paipu ya breki kwa vidole. Iwe imelegea, isiwe imekaza kama uzi. Fuata waya za sensa za magurudumu, na kipaipu cha pumzi cha difu. Paipu iliyokaza katika mkao huo itakatika siku gurudumu litakapoingia shimoni wakati umekanyaga breki, yaani siku unapoihitaji. Wekeni ndefu, au sogezeni mshiko wake.

Halafu taa. Mbele ikipanda kuliko nyuma, mwanga unaingia machoni mwa anayekuja. Ni kazi ya dakika chache mbele ya ukuta, na anayenufaika ni mtu usiyemjua.

Niseme pia na dereva, maana fundi akimaliza, yeye ndiye anaanza. Gari ulilopewa si lile ulilolileta. Uwiano unaoonyesha jinsi gari linavyohimili kupinduka ni upana kati ya magurudumu, ukigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Gari lenye upana wa milimita 1500 na kitovu kwenye milimita 700 lina uwiano wa 1.07. Pandisha kitovu hadi 750, umebaki na 1.00. Namba inaonekana ndogo, lakini magari ya aina hii hayana akiba kubwa hapo tangu mwanzo. Usukani wa ghafla kukwepa mnyama, kwa mwendo uleule wa zamani, sasa una matokeo tofauti. Na ukiweka matairi ya 800 badala ya 760, kipima mwendo kikikuonyesha 100 uko kwenye 105, isipokuwa umekirekebisha. Chukua wiki za kwanza kulijua gari upya, tupu na lenye mzigo. Uliza sheria za nchi yako zinaruhusu kiasi gani, maana zinatofautiana sana, na iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi.

La mwisho katika kazi ni kurudi. Springi mpya hulala kidogo baada ya muda, rangi iliyo chini ya bamba za yubolti husagika, na mkazo unapungua. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena yubolti kwa toki, gari likiwa juu ya magurudumu yake, na urudie kabla ya kufika kilomita 1000. Siku hiyo ya pili ndiyo siku ya kupima tena vile vimo vinne vya madigadi, na kurudia alaimenti kama gari limeshuka. Mteja asiporudi, mpigie simu wewe.

Kuna pikapu moja hapo nje juu ya stendi, gurudumu la nyuma la kushoto limetolewa na bushi hazijakazwa. Mwenye maswali aulize sasa, kisha tutoke pamoja. Vijana watangulie na tochi, waitafute fimbo ya valvu ya breki wenyewe kabla sijawaonyesha, halafu tutashusha gari na kila mmoja ashike spana ya toki kwa zamu.